Springi au mtungi? Mwongozo wa kuchagua bunduki ya upepo ya kupambana na panya na waharibifu wengine wa shamba

Panya wa kahawia akishazoea banda la kuku, haishii kwenye chakula. Anaiba mayai, anatafuna nyaya za umeme, anachimba chini ya sakafu na kukojolea pumba na mahindi, na mkojo wake unaweza kuwa na vimelea vya leptospirosi vinavyoua watu. Sumu inafanya kazi, ila bundi na paka wanaokula panya wenye sumu nao huathirika. Mitego ni mizuri, lakini panya wazee huikwepa. Hapo ndipo wafugaji wengi wa Uingereza hugeukia bunduki ya upepo, na swali la kwanza dukani huwa lilelile: ninunue ya springi au ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa mapema, ile inayoitwa PCP?

Zote mbili zinaua panya. Kwa kiwango kinachoruhusiwa bila leseni, nguvu zake ni zilezile, kwa hiyo anayekuambia PCP "ina nguvu zaidi" anakudanganya. Tofauti iko kwa mpigaji: ni ipi kati ya hizo mbili itakuwezesha kuweka kila risasi ndani ya duara la sentimita 2.5, usiku, kwa baridi, ukiwa umekaa vibaya nyuma ya ndoo? Mnyama ana haki ya kufa papo hapo, na mwongozo huu wote unapima mambo kwa kipimo hicho.

Sheria kabla ya pesa

England na Wales, bunduki ndefu ya upepo yenye nguvu isiyozidi jouli 16.27, yaani futi-pauni 12, haihitaji leseni ya silaha. Ikizidi hapo hata kwa nukta, unahesabiwa kuwa na silaha bila leseni, na kusema hukujua hakukuokoi. Mnunuzi lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na muuzaji mwenye usajili anapaswa kukukabidhi bunduki ana kwa ana. Haiji kwa posta kama viatu. Nyumbani ni wajibu wako kisheria kuchukua hatua za kuhakikisha aliye chini ya miaka 18 haishiki bila ruhusa. Kabati la chuma lenye kufuli ni jibu rahisi kuliko maelezo marefu mbele ya polisi.

Scotland ni tofauti: tangu tarehe 31 Desemba 2016 unahitaji cheti cha bunduki ya upepo. Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi, kwani chochote kinachozidi jouli 1 kinahitaji cheti cha silaha. Na kama uko Tanzania, Kenya au Uganda, usichukue kanuni za Uingereza ukazitumia huko. Anzia kituo cha polisi, uliza kuhusu kibali, na usiagize mtandaoni ukidhani ni kitu cha kuchezea.

Popote Uingereza, unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na ni vyema iwe kwa maandishi. Risasi ikivuka mpaka wa shamba hilo bila ruhusa ya jirani, umevunja sheria, hata kama haikugusa mtu.

Kuhusu wanyama wenyewe: panya na kindi wa kijivu hawalindwi, lakini kindi mwekundu analindwa kabisa. Ndege wote wa porini wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya 1981. Njiwa pori anayeharibu kabichi unaweza kumpiga tu kwa masharti ya leseni ya jumla, ambayo kwa England ni GL42, na sharti mojawapo ni kwamba njia zisizoua zizingatiwe kwanza. Isome kwenye tovuti ya serikali kila mwaka, kwa sababu masharti hubadilika.

Kinachotokea ndani ya bunduki

Elewa sehemu hii vizuri, kwa sababu karibu kila tofauti nyingine inazaliwa hapa.

Bunduki ya springi haina hewa iliyohifadhiwa. Ukikunja mtutu au kuvuta wenzo, unarudisha pistoni nyuma na kuikandamiza springi nzito. Ukifyatua, pistoni inachomoka mbele kwa kasi na kuishindilia hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma risasi. Tatizo ni kwamba pistoni ina uzito. Inapoanza kwenda mbele, bunduki inasukumwa nyuma begani. Inapokaribia mwisho wa silinda inakutana na mto wa hewa, inakatwa kasi ghafla, na bunduki inarukia mbele. Misukosuko hiyo miwili inaanza wakati risasi bado iko mtutuni.

Maana yake ni kwamba ulivyoishika bunduki kunaingia moja kwa moja kwenye mlengo wa risasi. Ukiibana kwa nguvu leo na kesho ukailegeza, risasi zitaangukia sehemu mbili tofauti ingawa darubini haijaguswa. Ukiiegemeza juu ya ukuta wa mawe, itadunda na kupiga juu. Bunduki ya springi hailengi vibaya; inadai ushikaji uleule kila mara.

Bunduki ya mtungi imebeba hewa iliyoshindiliwa tayari, kwa kawaida hadi bari (kipimo cha shinikizo) 200 hivi. Ukifyatua, nyundo ndogo inagonga vali, vali inafunguka kwa muda mfupi mno, na kiasi kidogo cha hewa kinaisukuma risasi. Hakuna pistoni nzito inayokimbia, kwa hiyo bunduki karibu haitikisiki. Unaweza kuiegemeza kwenye mlango, kwenye goti au kwenye tawi, na risasi itaenda palepale.

Gharama yake ni hewa. Inaisha, na lazima itoke mahali. Tena bunduki nyingi zisizo na regyuleta, yaani kifaa cha kusawazisha shinikizo, hazitoi kasi ileile kuanzia mwanzo wa ujazo hadi mwisho. Ikijazwa kupita kiasi, shinikizo linaibana vali na risasi za kwanza zinakwenda polepole; katikati inatulia, kisha mwishoni kasi inaporomoka. Yenye regyuleta inatoa hewa ya shinikizo lilelile kwa kila risasi mpaka mtungi ushuke chini ya kiwango cha regyuleta, halafu inaanguka.

Kuchagua, hatua kwa hatua

1. Pima umbali kwa futikamba, usikadirie. Simama pale utakapokaa kweli na upime hadi njia ya panya. Kwa mabanda mengi ya nyuma ya nyumba inatoka kati ya mita 8 na 20. Umbali huo bunduki ya springi iliyo nzuri inaumudu bila shida mikononi mwa mtu anayefanya mazoezi. Kama kazi yako ni sungura wa malishoni kwa mita 30 hadi 35, mzani unaanza kuelemea kwenye mtungi.

2. Angalia utakavyokaa. Hili watu hulisahau, ilhali ndilo linaloamua zaidi ya umbali. Ukiwa na nafasi ya kukaa sawasawa, mkono wa mbele ukiwa wazi na kitako kikiegemea bega kwa ulaini, springi inatosha. Ukilazimika kupiga kupitia dirisha dogo, ukiwa umelala juu ya marobota ya majani makavu au ukiegemea boriti, mtungi utakupunguzia wanyama wanaojeruhiwa bila kufa.

3. Hesabu risasi za usiku mmoja. Panya wanne wakitokea mfululizo, bunduki ya springi inakulazimisha kukunja, kupakia na kufunga kila mara, na mwendo na kelele hizo zinawafukuza wengine. Bunduki ya mtungi yenye magazini ya risasi 8 au 10 inakoki kwa kuvuta kitasa kidogo. Kwa kindi mmoja au wawili wa mara moja moja, jambo hili halina uzito.

4. Jiulize hewa utaipata wapi. Tafuta duka la vifaa vya kupiga mbizi au la bunduki lenye kompresa karibu nawe kabla hujanunua. Likiwa mwendo wa saa nzima kwa gari, zingatia pampu ya mkono au rudi kwenye springi.

5. Jumlisha gharama yote. PCP haiishii kwenye bei ya bunduki: kuna mtungi mkubwa wa kujazia, bomba na geji, na upimaji wa mtungi. Jumla hiyo mara nyingi hufika maradufu ya bunduki ya springi ya ubora uleule, au zaidi. Bunduki ya springi inadai risasi tu, na springi mpya baada ya maelfu ya mipigo.

6. Kuwa mkweli kuhusu mazoezi. Springi inahitaji mazoezi ya kila wiki, japo risasi 40 au 50. Asiyekuwa na muda huo lakini ana panya wa kweli wa kuwaondoa, anunue ya mtungi. Huo ndio msimamo wetu, na tunausema tukijua wapenzi wa springi hawaupendi.

Uzito nao usiudharau. HW97K ya Weihrauch na TX200 ya Air Arms, zote za wenzo wa chini, zina kilo 4 hivi au zaidi kabla ya darubini. Ni tulivu kwa kupiga, lakini kuizungusha mojawapo ndani ya banda finyu ni kazi. HW95, ya kukunja mtutu, ni nyepesi zaidi na inabebeka. Upande wa mtungi, HW100 ya Weihrauch na S410 ya Air Arms zimetumika kwa miaka mingi na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi, jambo ambalo kwa kitu chenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) nyingi ndani ni la maana kuliko sura.

Kipenyo: 4.5 au 5.5

Risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa greni (kipimo kidogo cha uzito) 8.4 hutoka kwa mita 239 hivi kwa sekunde ikiwa na jouli 15.5. Ya milimita 5.5 yenye greni 15.9 hutoka kwa mita 174 hivi ikiwa na nguvu zilezile. Nyepesi inakwenda kasi na njia yake imenyooka zaidi. Nzito inakwenda polepole, inajipinda zaidi, lakini inagonga pana.

Kwa panya wa bandani ndani ya mita 20, chukua 5.5. Umbali ni mfupi, mpindo hauna madhara, na risasi ni rahisi kushika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kwa umbali unaobadilika-badilika, kama sungura shambani, 4.5 inasamehe makosa ya kukadiria umbali. Kwa vyovyote vile tumia risasi ya kichwa cha mviringo. Zenye ncha kali na zenye tundu mbele zinauzwa kwa maneno mengi, lakini mara nyingi hutawanyika zaidi, na risasi iliyokosa ubongo haisaidiwi na umbo lake.

Nunua makopo madogo ya aina tatu au nne na uzijaribu. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti.

Ukinunua ya springi

Kwa iliyotumika, kwanza fungua mtutu au wenzo na uangalie sili ya mpira pale mtutu unapokutana na silinda. Ikiwa imepasuka au imelala, hewa inapotea. Weka kipande cha karatasi laini juu ya kiungo hicho ukipiga. Kikiruka, sili haishiki. Angalia skrubu za kitako kama zimechubuliwa na bisibisi isiyofaa: ni dalili kwamba fundi wa nyumbani ameshaingia ndani. Omba ipigwe kwenye kipima mwendo, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Kasi inayoyumba kwa zaidi ya mita 6 au 7 kwa sekunde kati ya risasi na risasi ina maana sili ya pistoni au springi imechoka.

Mpya hutoa moshi na harufu ya kuungua kwa risasi nyingi za mwanzo. Ni mafuta ya kiwandani yanayowaka kwa joto la hewa inayoshindiliwa. Yaache yaishe yenyewe, na usiongeze mafuta kwenye tundu la hewa. Mlipuko mdogo ndani ya silinda unaharibu sili na kupandisha nguvu juu ya kiwango cha sheria.

Wakati wa kupakia, mkono mmoja ushike mtutu au wenzo muda wote. Kishikio cha ndani kikiteleza, mtutu unajifunga kwa nguvu ya springi nzima, na vidole vinakatika. Usifyatue bila risasi: pistoni itakosa mto wa hewa na kugonga chuma kwa chuma. Usiiache imekokiwa kwa saa nyingi. Na usiifungue bila kibanio maalumu cha springi, kwa sababu hata ikiwa haijakokiwa springi imebanwa ndani na inaweza kukurukia usoni.

Darubini iwe imeandikwa kuwa inafaa kwa bunduki za springi. Ule mtikisiko wa pande mbili unavunja darubini ambazo zingedumu miaka kwenye bunduki ya risasi za moto. Tumia kishikio cha kipande kimoja chenye pini ya kuzuia kuteleza, na pini iingie kwenye tundu lake juu ya silinda. Bila hiyo darubini inatambaa nyuma taratibu, na wewe utakuwa unaulaumu mtutu.

Ushikaji ni huu: kiganja cha mbele kiwe wazi, bunduki ikae juu yake bila kukumbatiwa, kitako kiguse bega kwa wepesi, shavu litue bila kukandamiza. Iache iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila mara. Tafuta mahali pa kiganja ambapo risasi zinakusanyika vizuri, weka alama kwa utepe, na usihame hapo.

Ukinunua ya mtungi

Hesabu ya hewa iko hivi. Tuseme silinda ya bunduki ina ujazo wa lita 0.2, na unaijaza kutoka bari 120 hadi 200. Kila ujazo unakula lita 16 za hewa ya kawaida. Mtungi wa kujazia wa lita 7 uliojazwa bari 300, ukishuka hadi bari 200, umetoa lita 700 kwenye karatasi. Hewa ya shinikizo kubwa haifuati hesabu hiyo barabara, na kila ujazo unapoteza kidogo kwenye bomba, kwa hiyo tegemea kujaza mara 35 hivi. Mtungi wa lita 3 wa bari 300 utajaza kama mara 15. Wa lita 7 wa bari 232 utakupa ujazo kamili kama mara 12 tu, kwa sababu kutoka 232 hadi 200 ni hatua fupi. Ndiyo maana bei ya chini ya mitungi ya 232 mara nyingi si nafuu.

Kujaza: hakikisha bunduki haina risasi na haijakokiwa, isipokuwa kitabu chake kinaelekeza vinginevyo. Futa ncha ya kujazia, kwa maana chembe moja ya mchanga inatosha kukata oringi. Unganisha bomba, funga skrubu ya kutolea hewa, halafu fungua mtungi kidogo sana. Hewa iingie taratibu, dakika nzima au zaidi. Ukiharakisha, silinda inapata joto, geji inasoma 200, na ikipoa unakuta 185. Funga mtungi, toa hewa ya bomba kwa skrubu yake mpaka sindano ya geji ishuke sifuri, ndipo uchomoe. Usijaribu kulazimisha kiunganishi chenye shinikizo.

Tumia hewa safi kavu pekee. Oksijeni na mafuta ya petroli au ya injini vikikutana kwenye shinikizo hilo vinalipuka. Oringi zinapakwa grisi ya silikoni kidogo, basi. Mtungi wenyewe unapaswa kupimwa kila baada ya miaka 5, na duka halitaujaza tarehe ikipita; soma tarehe iliyogongwa shingoni kabla ya kununua uliotumika.

Pampu ya mkono inawezekana. Kuanzia bari 120 ni jasho linalovumilika. Kuanzia sifuri ni adhabu. Pumzika kila baada ya mipigo 50 hivi ipoe, na fungua skrubu ya kutoa unyevu. Maji yakiingia kwenye silinda, kutu huanza pale usipoona.

Kama bunduki haina regyuleta, fanya kazi hii mara moja tu na itakufaa miaka: jaza hadi kiwango cha juu, piga risasi moja moja kupitia kipima mwendo, andika kasi ya kila moja na usomaji wa geji kila baada ya 10. Utaona kasi inapanda, inatulia, inashuka. Huenda ukagundua inatulia kati ya bari 185 na 115. Basi jaza hadi 185, acha kwenye 115, na usahau namba ya kiwandani. Pima pia kwa risasi nzito. Bunduki ya mtungi kwa kawaida hutoa nguvu zaidi kwa risasi nzito, ilhali ya springi hupendelea nyepesi, na polisi wanaweza kupima kwa risasi yoyote. Bunduki iliyo halali kwa greni 14 inaweza kuvuka mstari kwa greni 18.

Ikivuja, chovya brashi kwenye maji ya sabuni na upake ncha ya kujazia, geji na viungo. Mapovu yatakuonyesha. Hewa ikitoka mtutuni, ni vali haifungi, mpelekee fundi. Ihifadhi ikiwa na bari 100 au zaidi ndani ili vali ibaki imebanwa.

Kuilenga

Darubini inakaa sentimita 4 hadi 5 juu ya mtutu, kwa hiyo karibu sana risasi hupiga chini ya msalaba, halafu inapanda na kushuka tena. Ukiweka shabaha kwenye mita 25 na darubini ikiwa sentimita 4.5 juu, tegemea hivi:

Kwa 5.5: mita 5, chini kwa sentimita 1.7; mita 10, palepale; mita 17, juu kwa sentimita 1.2, mita 35, chini kwa sentimita 5.

Kwa 4.5: mita 5, chini kwa sentimita 2.5, mita 10, chini kwa sentimita 1, mita 35, chini kwa sentimita 2.5.

Thibitisha kwenye karatasi, kwa kuwa kila bunduki ina kasi yake. Ona hasa ile mita 5. Panya aliye karibu hukoswa kwa kupigwa chini ya taya, na mpigaji hashuku kwa sababu "alikuwa karibu mno kumkosa". Darubini yenye kurekebishika hadi mita 10 inasaidia; nyingi zimewekwa kwa mita 90 na panya wa karibu anaonekana ukungu.

Kisha jaribio la mwisho kabla ya mnyama yeyote. Chora duara la sentimita 2.5 na upige risasi 5 kwa mkao utakaoutumia bandani, siyo mezani, ukiwa na koti lako na bunduki ikiwa baridi. Zote 5 zikiingia, sogea mita 5 nyuma. Zikianza kutoka, umbali uliopita ndio mwisho wako. Mwenye springi akiishia mita 18 na mwenye mtungi mita 30, kila mmoja aheshimu namba yake.

Bandani usiku

Siku tano kabla, weka chambo mahali palepale kila jioni: siagi ya karanga iliyochanganywa na shayiri, ipakwe kwenye mti uliosimamishwa ardhini. Punje zilizomwagwa panya anabeba na kukimbia. Kilichopakwa analazimika kusimama na kulamba, na hapo kichwa kinatulia. Kuku wafungiwe upande mwingine.

Nyuma ya chambo jenga kizuizi. Ubao mnene wenye zulia kuukuu likining'inia mbele yake unakamata risasi bila kuirudisha. Zege, mawe, chuma na maji vinairudisha, kwa hiyo vaa miwani. Usipige kamwe panya aliye juu ya ukuta au boriti bila kitu nyuma yake. Ndani ya jengo fikiria mabomba, nyaya na paa.

Tumia taa nyekundu hafifu, au darubini ya usiku ya infraredi. Kama bunduki ni ya springi, hakikisha kifaa hicho kinastahimili mtikisiko wake. Sauti nayo: ya mtungi isiyo na kizuia sauti inapasua usiku na majirani watafungua madirisha, ila nyingi huja na kizuizi hicho. Ya springi hutoa kishindo cha pistoni ambacho wewe unakisikia zaidi kuliko panya.

Mlenge akiwa ubavu, kati ya jicho na sikio. Akikupa mgongo au akitembea, subiri. Panya aliyepigwa tumboni anarudi shimoni kufia ukutani kwa mateso, na harufu yake itakaa na wewe wiki kadhaa. Ukimwona anapumua, mmalize mara moja kwa risasi ya pili.

Mambo yanapoharibika

Shabaha ikihama ghafla kwenye springi, anza na skrubu za kitako kabla ya kugusa darubini. Zinalegea kwa mtikisiko. Zikaze, na tone la gundi ya skrubu isiyo ya kudumu linazishika. Halafu angalia kama kishikio cha darubini kimesogea.

Shabaha ikihama kwenye mtungi, tazama geji kwanza. Ikiwa hewa ipo, angalia kizuia sauti: kikilegea au kikikaa upande, risasi inakigusa ikitoka na kutawanyika ovyo. Kwenye yenye regyuleta, risasi ya kwanza baada ya bunduki kulala siku mbili ikienda kwa kasi tofauti na zinazofuata, regyuleta inavujisha shinikizo polepole na inahitaji sili mpya.

Zikitawanyika taratibu wiki hadi wiki kwenye aina zote mbili, mtutu umejaa masalia ya madini ya risasi yaliyoganda ndani. Vuta kitambaa safi kwa uzi laini kutoka nyuma kwenda mbele hadi kitoke cheupe, kisha piga risasi 10 hadi 20 kabla ya kuamua chochote, kwa sababu mtutu uliosafishwa huhitaji kutulia upya.

Mizoga iokotwe usiku uleule kwa glovu na koleo, kabla mbweha au paka hajafika, hasa kama shamba liliwahi kuwekewa sumu. Ifungwe mifuko miwili, au izikwe au kuchomwa kama kanuni za eneo lako zinaruhusu. Risasi ni madini ya sumu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usiziweke mdomoni hata mara moja, mazoea ambayo wapigaji wengi wa zamani walikuwa nayo.